Vita vya Kochi Jekundu, na Jinsi Kishindo Alivyokombolewa Tumboni mwa Kochi Hilo

Zimeni redio, wekeni vikombe chini, na wewe unayetafuna huko nyuma, tafuna kimyakimya! Sikieni habari ya Nondo, fundi makochi, mbabe wa mtaa wa mafundi, mwenye mabega kama kabati la milango miwili, mwana wa nyundo, mjomba wa misumari, ambaye akikohoa tu paka hubadilisha njia. Sikieni pia habari ya mbwa wake Kishindo, jemedari mwenye masikio ya popo, ambaye ukimtia ndani ya kofia, kofia bado inabaki na nafasi.

Ilikuwa siku ya kukabidhi kochi. Kochi lenyewe jekundu, la mahameli, refu kama hotuba ya mgeni rasmi, liliagizwa na mama mwenye saluni, ambaye wateja wake walikuwa wanasukwa wamekalia ndoo. Nondo akalilaza kochi chali kama mshindi amlazavyo adui, akageuka kuchukua kile kitambaa cheusi cha kufunika tumbo, kisha akainua bunduki yake ya pini.

Hapo ndipo balaa lilipopata upenyo. Maana mlangoni alisimama seremala wa karakana ya pili, adui yake wa ulimi, naye akaanza.

"Nondo, hilo kochi au jeneza la tembo?"

"Sema na meza zako zinazochechemea, bwana wewe!"

Basi ikawa vita. Nondo akapiga pini huku macho yakiwa kwa seremala: pa! na tusi, pa! na tusi, hata kitambaa kikabanwa pande zote, kochi likasimamishwa kwa miguu yake, na hakuna aliyechungulia ndani. Wala Kishindo, aliyekuwa amejipenyeza humo kutafuta usingizi, hakusema neno. Alidondokea kitambaa, akajikunja, akaendelea kukoroma.

Mama wa saluni akawasili na pikapu ya kukodi, akaliangalia kochi, akaligonga, kisha akajitupa juu yake kwa uzito wote aliojaliwa.

Kochi likabweka.

"Yesu na Maria!" Mama aliruka kama mafuta ya moto. "We fundi, umeniwekea nini humu?"

Nondo akatazama pembeni, palipokuwa na gunia la Kishindo. Gunia tupu. Yule shujaa ambaye nyundo imeshamponda kidole akacheka, akaliokota gunia kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akanong'ona. "Nimemshonea mwanangu ndani."

Akalirudisha kochi chali taratibu, kama anayelaza mgonjwa, akazing'oa pini kwa bisibisi, akalifungua lango. Lakini Kishindo, kwa zile kelele na ule mtikisiko, alikuwa amekimbilia ndani ya mkono wa kochi, kwenye upenyo kati ya mbao mbili, akajibana huko akitetemeka. Nondo akaingiza mkono. Mkono ukakwama kwenye kiwiko. Seremala, kwa huruma isiyo ya kawaida yake, akatoa kipande cha nyama kwenye chakula chake. Kishindo akakataa nyama. Akaanza kukohoa vumbi la sponji, kikohozi kidogo, kama mtu anayechana karatasi.

"Nilete msumeno?" akauliza seremala.

"Msumeno ukimsogelea, nakukata wewe!"

"Basi chana mahameli," alisema mama wa saluni, "ila nikuambie kabisa, baba, kochi lenye kiraka silichukui. Natafuta fundi mwingine."

Nondo akashika kisu. Akakiweka chini. Maana ilikuwapo njia moja nyingine, na aliijua, na aliiogopa kuliko kisu.

Mjue kwamba Kishindo aliokotwa kabla hajafumbua macho, na Nondo alimlea chumbani kwake, ndani ya shati, akimdondoshea maziwa kwa pamba. Na katika malezi hayo ilizaliwa sauti, ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisikia, na Nondo alikusudia kuzikwa nayo.

Akatazama mtaa. Wachomeleaji wamevua miwani. Wapaka rangi wameshuka ngazi. Watu wale wale aliokuwa akiwafokea kila asubuhi.

"Geukeni huko," akaamuru.

Wakasogea karibu.

Kishindo akakohoa tena. Ndipo Nondo akapiga magoti, akaingiza kichwa chote tumboni mwa kochi, na kwa sauti nyembamba kama ya filimbi iliyopasuka akasema:

"Nani kapamba ka mama? Eti nani? Nani katoto kazuri ka mama? Njoo kwa mama, njoo unyonye, mama hana hasira..."

Mchomeleaji mmoja akazima jenereta asikie vizuri. Ndani ya mbao kukasikika kucha: kwaru, kwaru. Likatoka sikio. Ikatoka pua yenye nyuzi za sponji. Akatoka Kishindo mzima, mkia unatingisha mwili, akamlamba mkombozi wake puani, kisha akapiga chafya ya ushindi iliyomwingia mkombozi mdomoni.

Nondo akainuka, mbwa kifuani, mahameli salama. Mama wa saluni akajifuta machozi ya kicheko.

"Haya, funga hilo tumbo haraka, mama mwenzangu. Watu wangu wako kwenye ndoo."

Kicheko kikalipuka kama pipa la petroli. Seremala, akiwa ameshajiweka umbali wa kukimbia, akaviringisha viganja mdomoni akaita mtaa mzima usikie:

"Mama Kishindo!"

Watu wakarudi nyuma, wakingoja nyundo iruke. Nondo akamtazama yule mnyama mdogo aliyekwisha kusinzia mkononi mwake. Akavuta pumzi. Na hiyo ndiyo siku, enyi watu, iwekeni vichwani na muwasimulie wajukuu, ambapo mbabe wa mtaa wa mafundi, mwana wa nyundo, mjomba wa misumari, alikiinua kidevu chake mbele ya halaiki na kuitika:

"Abee!"