Nusu ya Kichwa Changu na Mashine Yenu

Kwa Bwana Mkurugenzi wa mashine ya kukimbiza chembe zenye mionzi,

Shikamoo sikupi, nina miaka themanini na moja, wewe ndiye wa kunipa. Shule niliiona dirishani tu, lakini barua hii naiandika kwa mkono wangu. Kwa heshima zote, naomba muache mara moja kuiongezea nguvu hiyo mashine. Sababu ni hizi:

1. Wiki tatu zilizopita mjukuu wangu, fundi wenu, alikuwa ananisuka. Kufika utosini, simu yenu ikalia: "Njoo haraka, tunafungua bomba!" Tangu hapo kulia nimesukwa, kushoto nywele zimesimama kama fagio. Na Jumamosi mdogo wangu anaolewa, ana miaka sabini na minane, mimi ndiye msimamizi wake!

2. Akipitia nyumbani kubadili nguo, ananishika shavu na glavu. Eti alama moja ya kidole ndani ya hilo bomba mnalopitishia chembe inaharibu kazi ya mwezi mzima. Mimi ni bomba?

3. Bomba lenyewe mnalizungushia karatasi ya foili ya kuokea, mnalipasha moto siku tano. Mkate wangu dakika arobaini tu, na unalika.

4. Nimeuliza hizo chembe mnazozitafuta zinaishi muda gani. "Bibi, hata sekunde hazimalizi, zinaoza." Wasomi kumi na wawili wanamhangaikia mgeni asiyekaa hata kuvua viatu! Mimi nami naoza, lakini taratibu na kwa adabu. Nichunguzeni mimi. Ila nisukwe kwanza.

5. Mkishindwa kuacha, ileteni hiyo mashine sebuleni kwangu, mjukuu akaze nati huku ananisuka. Kabati nimeshalisogeza.

Wasalimie wasomi wote, mlinzi wa getini, na mkeo, kama bado anaikumbuka sura yako.

Ni mimi,
Bibi yake fundi wenu, kwa sasa nusu.

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha mjukuu kaingia na kitana, kaanza kunisuka. Kumbe gesi ya mashine yenu inavuja, leo siku ya tisa, na hamjui wapi! Nikamwambia, "We mtoto, pakeni povu la sabuni kwenye maungio, kama mtungi wa jikoni." Akajipiga paji la uso. Nimemfukuza mwenyewe arudi kazini, kitana kimebaki kichwani. Harusini nitavaa kilemba. Msithubutu kuisimamisha mashine yetu. Na mkiiwasha bila kuniita, nitakuja hapo getini bila kilemba.