Jinsi Nilivyomfisha Doña Blanca Nubia

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Namwomba Mungu radhi kwa nitakayoyaandika kuhusu mwenzangu Duván Arley. Ana miaka ishirini na sita na kichwa kitupu kama debe. Leo ametufundisha kazi. Mimi, niliyeuza mipango ya mazishi, inayolipiwa mtu angali hai, hapa Manizales kwa miaka thelathini na minane.

Kampuni imenunua programu ya wateja. Inajiendesha yenyewe, ati. Hugawa wateja wapya kwa zamu. Hutuma salamu za siku ya kuzaliwa. Na mteja asiyetembelewa kwa siku thelathini hunyang'anywa muuzaji wake, akapewa mwingine.

Nikatazama orodha yangu. Doña Blanca Nubia: siku ishirini na tisa. Uongo mtupu. Kila Alhamisi huwa kwake, tukinywa chokoleti ya moto na jibini. Matembezi hayo nimeyaandika humu daftarini, mahali pa kistaarabu.

Duván alicheka: "Bonyeza tu hapo, don Evelio. 'Nimemtembelea.' Kwisha."

Mapadri Wakapuchini hawakunilea niitolee kompyuta taarifa za mjane. Lakini zamu ni ya Duván; kesho atakuwa mteja wake. Na bila kisingizio cha kazi, mjane wa kiume wa miaka sabini na moja atabisha hodi kwa jambo gani?

Jumanne, tarehe 5
Nimeishinda programu. Mteja aliyewekewa alama ya "amefariki" hahamishwi kwa muuzaji yeyote. Saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri, kwa kidole kimoja, nimemwekea. Nitamfufua wiki ijayo. Nimemwomba radhi kimoyomoyo. Duván alipita akinisifu kwamba hatimaye najifunza. Maskini.

Jumatano, tarehe 6
Hakuna aliyeniambia kwamba alama ile huamsha mambo mengine. Programu iliwatumia wanawe rambirambi. Ikaagiza shada la maua. Ikaiarifu parokia kuhusu novena, sala za siku tisa za marehemu. Ikatuma gari la maiti.

Nilifika kwake nikitweta. Majirani walikuwa sebuleni na rozari mikononi. Mpwa wake alishafika kutoka mji wa Pereira, amevaa nyeusi, analia kwa bidii isiyo na sababu. Marehemu alikuwa akimmiminia dereva kahawa.

"Karibu, don Evelio," alisema. "Keti karibu na shada langu. Wameniandikia mambo mazuri. Kumbe ilinipasa nife kwanza."

Nilieleza, kwa masikitiko makubwa, kwamba ni kosa la mashine na la vijana wanaoiabudu. Duván, aliyekuja kuomba msamaha, akafungua simu yake. Programu ile mbea huweka kumbukumbu ya kila kidole. Mpwa akaisoma kwa sauti: Evelio Ocampo, saa kumi na dakika kumi na mbili.

Dereva alisema kwa miaka yote ya kazi yake hajawahi kurudi na gari tupu.

Alhamisi, tarehe 7
Mkuu wetu, señora Marleny, amemkabidhi Duván mteja wangu. Sikwenda kwake. Sina idhini.

Doña Blanca Nubia alipiga simu saa kumi na moja. Aliuliza kama nami nimefariki. Nikamweleza kanuni ya siku thelathini.

"Yaani kuniua kidole kiliweza," alisema, "lakini kuandika kwamba ulikuja kuniona, kikafa ganzi?"

Akasema chokoleti iko mekoni. Akasema nyumba ni yake, mlango ni wake, na hajapata kuifungulia kampuni. Alikuwa akinifungulia mimi.

Nilimshukuru kwa unyenyekevu. Nikamwahidi kwamba nitakuja mara tu programu itakaponirudishia jina lake. Akakata simu. Laini za hapa hazifai kabisa.

Ijumaa, tarehe 8
Nimegundua kwamba muuzaji akiwa likizoni, wateja wake hugawiwa wengine kwa zamu. Zamu inayofuata ni yangu. Orodha ya likizo ni ndefu na maandishi yake ni madogo mno, lakini nimebonyeza. Kuanzia leo Duván Arley yuko kwenye likizo ya uzazi.

Sasa nangoja nione alama hii itaamsha nini.