Siku Sabini na Moja Bila Hospitali

Kwa Meneja Utumishi,
Kiwanda cha Magodoro.

Kuhusu: Ombi la kumchukua tena Baba yangu

Ndugu Meneja,

Shuleni tumefundishwa kwamba barua huanza kwa kumtakia msomaji afya njema. Basi nakutakia afya njema, ila kwa wivu kidogo, maana wewe ukiumwa una kadi ya bima. Kwetu sisi afya njema si salamu tena. Ni amri.

Mimi ni binti wa yule afisa usalama wako aliyestaafu mapema, yule mliyemwita Mzee Kofia kwa sababu hakuivua kofia yake ngumu hata kwenye picha ya kuagwa. Mimi mwenyewe ni mtu wa haya. Nyumbani naitwa Kimya. Darasani nikiulizwa swali najibu kwa kunyanyua mabega, na nanyanyua vilevile kwa lugha zote mbili za shule yetu. Kwa hiyo ukiona nimemwandikia kurasa tatu mtu nisiyemjua, elewa kwamba maji yamenifika shingoni.

Baba alikutumikia miaka ishirini na sita. Alipofikisha hamsini na mbili aliandika barua ya kustaafu. Alisema vidole vya watoto wa watu amevichunga vya kutosha, sasa anataka kukaa nyumbani achunge vya wa kwake. Tulipiga makofi. Mama, ambaye ni fundi cherehani, alimshonea suruali mpya isiyo na mfuko wa filimbi. Hakuna aliyekumbuka kwamba kadi ya bima ya nyumba nzima ilitoka kiwandani, na kwamba mwezi ukiisha nayo inastaafu.

Baba akaenda ofisi ya bima kuuliza ni kiasi gani kujilipia mwenyewe, maana pensheni yake haitoki mpaka atimize hamsini na tano. Dada wa bima alimuuliza umri, akaandika. Alimuuliza habari za mgongo, akaandika sana. Alipomuuliza umri wa Bibi, mama mzaa Mama ambaye tunaishi naye, akaweka kalamu chini. Baba alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama aliisoma akiwa amesimama, akatafuta kiti. "Kwa bei hii," alisema, "inabidi tuugue kila siku ndipo irudi." Baba aliichukua karatasi, akaitupa juu ya kabati, akauliza nyundo iko wapi.

Tangu siku hiyo ya nyundo, malalamiko yangu ni haya:

1. Ubao. Sebuleni kwetu, pale ilipokuwa saa, pana ubao wenye maandishi mekundu: SIKU BILA HOSPITALI. Ni ndugu yake ule wa getini kwako unaohesabu siku bila ajali. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu Baba anabadilisha namba huku akiimba, na sisi watatu tumejipanga mstari tukipiga makofi. Mpango wake ni kwamba asiugue mtu yeyote mpaka pensheni ianze kutoka. Ni miaka mitatu tu, anasema, kama mtu ana nidhamu. Misumari ya kutundikia namba ameshapiga minne. Leo tuko siku ya sabini na moja.

2. Vibali. Taa ya chumbani kwangu iliungua siku ya kumi na tisa. Kupanda juu ya kiti siku hizi kunaitwa kazi ya juu, na kazi ya juu inataka kibali chenye saini tatu: ya msimamizi, yaani Mama, ya shahidi, yaani Bibi, na ya afisa usalama mwenyewe. Bibi hawezi kusaini bila miwani. Miwani ya Bibi iko juu ya kabati. Kuitoa juu ya kabati kunahitaji kibali. Nafanya hesabu zangu sebuleni mpaka leo, chini ya ubao.

3. Kizibao. Baba aliondoka kiwandani na kizibao kimoja cha rifleksa, kile cha rangi ya machungwa chenye mistari inayong'aa, akamvika Bibi ili aonekane akivuka uani kwenda chooni. Lalamiko langu si kwamba Bibi anateseka. Lalamiko ni kwamba amekipenda. Amekataa kukivua hata alipokwenda kupiga picha ya kitambulisho. Majirani wakimuuliza, anawaambia ameajiriwa.

4. Fomu za nusura ajali. Hizi za kuripoti ajali iliyokosa kutokea kidogo tu pia zilitoka kwako, karatasi thelathini hivi, na naomba radhi kwa niaba yake. Ziko kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba, kazi ya kuzitafsiri na kuzijaza ni yangu. Bibi aliripoti: "Nusura niage dunia kwa chumvi ya chakula cha mchana." Penye jina la mhusika akataka niandike binti yake. Mama naye akaja na yake: "Nusura nimjibu mama yangu." Baba alizisoma zote mbili kwa makini, akaziweka kwenye faili la hatari ya kati.

5. Filimbi. Mama alitoa mfuko, Baba akaivaa shingoni. Kila siku saa tisa yuko barabarani mbele ya shule yetu, kiganja juu, filimbi mdomoni, anasimamisha magari ili nivuke. Darasa zima linavuka nyuma yangu. Watoto wanamwamkia, madereva wanamheshimu. Mimi natembea nikitazama viatu. Ndugu Meneja, nitakiri jambo ambalo sijamwambia mtu: msichana mmoja aliniuliza yule mzee ni nani, nikamjibu kwamba ni mlinzi wa shule.

6. Jino. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni la nyuma, juu, upande wa kulia, na linauma tangu siku ya hamsini na nne. Sijasema. Siku ya hamsini nilipita karibu na jiko nikamsikia Baba akimwambia Mama taratibu: "Akiumwa mmoja tu, mke wangu, narudi kiwandani. Nitampigia magoti yule Meneja." Mama akamwambia, "Kwa magoti yapi? Hayo yanayolia kama mlango?" Wakacheka, lakini mimi sikucheka. Baba yangu alikuwa akitoka nyumbani kabla sijaamka miaka yote niliyo nayo. Sitaki jino langu ndilo limrudishe kwako akiwa amepiga magoti.

Kwa hiyo natafuna upande mmoja, polepole sana. Unajua kilichotokea? Baba akaona ninavyokula kwa uangalifu, na kwenye kikao cha asubuhi akanitangaza mfanyakazi bora wa mwezi. Picha yangu imetundikwa kando ya ubao, nimefumba mdomo.

Baada ya kufikiri sana, naleta maombi matatu. Ukikataa la kwanza, nenda la pili.

Kwanza, mwite Baba wewe mwenyewe, asije yeye kuomba. Hata kwa siku moja kwa wiki. Hata akae kwenye kiti pale getini. Mshahara si lazima, kadi inatosha. Nasikia tangu aondoke ubao wako umerudi sifuri mara nne, mara moja kwa mtu aliyeanguka kutoka juu ya rundo la magodoro. Kuumia katika kiwanda cha magodoro, Ndugu Meneja, si jambo dogo. Ni lazima mtu alenge sakafu.

Pili, kama Baba amepita umri wenu, mchukueni Bibi. Kizibao anacho tayari, na mwenyewe anajua kwamba ameajiriwa.

Tatu, kama hata Bibi hafai, itangazeni nyumba yetu kuwa tawi la kiwanda. Tuna ubao, tuna vibali, tuna faili, tuna mahali pa kukusanyikia moto ukitokea, ambapo ni chini ya kamba ya nguo. Tuna magodoro manne. Tuna mfanyakazi bora. Tawi lenye siku sabini na moja bila tukio haliwezi kukosa bima wakati makao makuu yenye sifuri nne yanayo. Nimelipitia wazo hili kwa lugha zote mbili na sijaona kasoro.

Msalimie fundi wa mashine ya kukata sponji, mama wa kantini, mlinzi wa getini, na yule aliyeanguka, kama ameshaanza kukaa.

Ni mimi, kwa heshima zote na kwa kutafuna upande wa kushoto,

Kimya,
binti wa Mzee Kofia.

Tanbihi: Tafadhali usifanye lolote kati ya hayo niliyoomba.

Leo Jumanne shule ilifungwa saa nne kwa sababu ya kikao cha walimu. Nikaona ni nafasi yangu ya kukuletea barua hii kwa mkono, ila nikapitia zahanati kwanza kuuliza tu kung'oa jino ni kiasi gani. Kwenye foleni, mbele yangu, kulikuwa na kitu cha rangi ya machungwa kinachong'aa. Bibi. Kumbe kila Jumanne anakuja kupima presha. "Usinikodolee macho," akasema. "Wewe mwenyewe umefuata nini hapa?" Nikafungua mdomo, nikamwonyesha. Akachungulia, akaguna, akatoa kifuani kadi ya bima yenye picha zetu wote wanne. Picha ya Baba imekatwa kwenye ile ya kuagwa, kofia na yote.

Mama alituandikisha kupitia kikundi chao cha mafundi cherehani siku ya tisa. Kikundi kinalipa pamoja, na hakuna anayeulizwa umri wala mgongo. Hawakumwambia Baba kwa sababu kila asubuhi anabadilisha namba akiimba, na Mama alisema hana moyo wa kumnyang'anya ubao wake. Mimi hawakuniambia kwa sababu, alisema Bibi, mtu asiyesema sana uso wake hauna siri.

Hapo nyuma yetu mtu akakohoa. Tukageuka. Alikuwa amejificha nyuma ya gazeti, lakini juu ya gazeti ilionekana kofia ngumu.

"Mkwe," Bibi akamwambia, "hilo gazeti umelishika kichwa chini miguu juu."

Baba alikuja na mgongo unaomuuma. Alishakuja mara mbili kabla ya leo, kwa siri na kwa pesa ya mfukoni. Aliishika ile kadi, akaigeuza mbele na nyuma, akauliza jambo moja tu: "Tangu siku ya ngapi?" Bibi akamwambia, "Ya tisa." Baba akacheka hadi muuguzi akatoka kuona, kisha akawaomba watu wa mbele wanipishe, maana huyu binti, aliwaambia, ni mfanyakazi bora.

Jino limetoka. Nyumbani Baba alitundika sifuri kwa mkono wake, tukampigia makofi. Picha yangu ameiacha ila ameandika chini: amesimamishwa kwa kuficha taarifa. Kisha akajisimamisha na yeye. Halafu akapanda kiti bila kibali, akashusha miwani ya Bibi, akabadilisha taa yangu. Mama amemwambia kikundi chao kina pasi za moto kumi na mbili na hakuna anayezichunga. Ameshaomba nafasi hiyo, na barua ya maombi nimeiandika mimi, ndiyo maana hii yako imechelewa. Kwa hiyo ukimtaka, hapatikani. Kizibao nacho hakirudi. Nilijaribu kumvua Bibi, nusura ajali.

Jambo la mwisho. Tulipotoka zahanati tulivuka barabara ile ya mbele ya shule, Baba akapiga filimbi, magari yakasimama. Yule msichana aliyeniuliza alikuwa ng'ambo. Nilimwendea, nikamwambia yule mzee ni Baba yangu. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba, sidhani kama alisikia neno hata moja.

Kesho nitamwambia tena.