Mafuta ya Dirishani kwa Cucu

Leo nimeaibika mbele ya Landrova nzima. Afadhali mnisikie mimi kabla ya dereva (huyo huongeza chumvi).

Kazi yangu pale kituoni mnaijua. Tunakamua mafuta ya makadamia, mashine inachora vilima kwenye karatasi, na kila aina ya mti ina vilima vyake. Majani yanaweza kukudanganya. Mafuta, hapana.

Ijumaa nilikamua njugu za mti wa Cucu, nyanya yangu. Nikaacha chupa dirishani kwake, Jumatatu nikaipitia. Mashine ikachora kilima kimoja, kikubwa kama Mlima Kenya! Bosi akavua miwani. "Kamau, hii ni aina mpya kabisa!" Nikaanza kutembea kama mtu ambaye mti utapewa jina lake.

Leo bosi amekuja kwa Cucu na wageni, wakate vijiti vya kupandikiza, wakulima wapewe mpaka Murang'a. Nikasimama chini ya mti nikahutubia (kwa mikono miwili!). "Mafuta hayadanganyi," nikamalizia.

Cucu akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Ati mafuta gani? Ile ya dirisha?"

"Ndiyo, Cucu."

"Hiyo ni ya mbarika. Yako nilijipaka kwa magoti, ikaisha. Nikaona utagombezwa kazini, nikakujazia ingine."

Mbarika! Ile ya kupaka ngozi!

Dereva akaanza kucheka. Mgeni mmoja akashika shina la mti asianguke. Mimi nilitafuta shimo la kuingia, hata la viazi.

Lakini nikamwona Cucu. Uso umemshuka, anashikashika leso. "Nimekuharibia kazi, baba?"

Nikachuchumaa mbele yake. "Hapana, Cucu. Magoti yakoje?"

"Jumapili nilienda kanisa bila fimbo."

Jamani, hasira ningeitoa wapi?

Bosi akainama kuokota njugu (magoti yake yakalia kah! kah!), akajaza kofia. "Tutapima upya," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Mama, ulikuwa unapaka asubuhi ama jioni?"

Tuliporudi kwenye gari akaninong'oneza: "Kamau, kamua chupa mbili."

Ya pili haiendi kwa mashine. Sasa acheni kucheka, yule ni mzee wa watu.