Mgeni Nyumbani Kwangu, kwa Ajili ya Sosholojia

Jumatatu, 4 Machi

Idara inatoa kitabu cha utangulizi wa sosholojia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Sura ya kaida za jamii haina mwandishi! Mkuu wa idara amesema ataipata atakayeleta utafiti wake mwenyewe Ijumaa. Nimefundisha hapa miaka na miaka, jina langu halijachapwa hata kwenye tangazo la mkutano. Naitaka sura hii kuliko mshahara. Tatizo ni Bwana Dodoso wa ofisi ya pili, mtu asiyekunywa chai bila kumhoji aliyeipika.

Mpango: nitavunja kaida kwangu mwenyewe. Nitakuwa mgeni. Familia itachanganyikiwa, mimi nitaandika. Mke sitamwambia. Sayansi haiombi ruhusa.

Jumanne, 5 Machi

Nimepiga hodi. Mke akauliza kama nimepoteza funguo. Nikamwuliza kwa adabu kama mwenye nyumba yupo. Akanitazama sana, kisha akasema ametoka, karibu sebuleni. Nikaletewa chai kwa kikombe cha wageni, ambacho sijawahi kuruhusiwa kukigusa! Mnofu mkubwa nikapewa mimi. Binti yangu akanipisha kwenye kochi. Hakuna aliyechanganyikiwa hata kidogo. Utafiti umeharibika ila tumbo limeshiba. Naendelea.

Jumatano, 6 Machi

Nimelala kwenye kochi. Mke alisema mgeni wa kiume halali chumbani kwa mke wa mtu. Shingo imekakamaa.

Mchana akaja mama mkwe. Kumbe kapigiwa simu! Akaambiwa mimi ni mgeni, namsubiri mwenye nyumba. Bila kucheka akaanza kunieleza huyo mwenye nyumba alivyo: mbishi, mvivu wa kufagia, ila moyo wake si mbaya. Nilitaka kujitetea. Mgeni atajiteteaje?

Alhamisi, 7 Machi

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama mkwe kaja nalo mkononi, limenolewa! Nimelima bustani yote ya mboga. Nikapiga kelele kwamba utafiti umekwisha, mimi ndiye baba mwenye nyumba. Mke akasema atamfikishia salamu akirudi.

Bwana Dodoso akapita, akaniona, akaingia kuulizia afya yangu. Wakazungumza wote sebuleni mpaka nikamaliza tuta la mwisho. Viganja vimejaa malengelenge. Sura sijaandika hata mstari. Haya naandika kwa kushika kalamu kama mwiko.

Ijumaa, 8 Machi

Sura kapewa Bwana Dodoso. Inaeleza jinsi familia inavyomrudisha kundini mvunja kaida. Kamhoji mke wangu, mama mkwe na binti. Mimi nimo pia, kwa jina la Mume Fulani. Nimeumia, sitaficha. Nilirudi nyumbani.

Mke akafungua mlango, akauliza leo amempokea nani. Nikasema ni mimi. Akanipa pole, akanipaka mafuta viganjani, akasema ningemwambia tangu mwanzo tungeiandika sura pamoja, ikaisha Jumatano.

Nimetafakari sana maneno yake. Kosa nimeliona: nyumbani ni padogo mno kwa utafiti wangu. Toleo la pili litahitaji sura ya mamlaka. Jumatatu nitawahi ofisini, nikae kwenye kiti cha mkuu wa idara, nimkaribishe akiingia. Mke sitamwambia.