Hotuba ya Mratibu Mkuu Akiwaaga Wanafunzi wa Sevisi Tripu

(Ukumbi wa sekondari ya wasichana inayoendeshwa na masista, saa nne asubuhi. Wanafunzi kumi na wawili wameketi mstari wa mbele, kila mmoja na sanduku miguuni na sweta zito mapajani. Nyuma yao wazazi. Nje ya mlango basi la shule limeoshwa mpaka linang'aa, na fundi makanika amekaa kwenye usukani akisubiri kuitwa. Mratibu Mkuu anapanda jukwaani na rundo la karatasi.)

Tumsifu Yesu Kristo! (Milele amina!) Sijasikia. Tumsifu Yesu Kristo! (Milele amina!) Hapo sawa.

Baba Paroko, mlezi wetu wa kiroho, Mheshimiwa Sista Mkuu wa Shule, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa kamati hiyohiyo, ambaye naona amekaa mbali na mwenyekiti wake, na sababu naijua ila siisemi hapa, waheshimiwa wajumbe wa Dawati la Usafirishaji, Dawati la Itifaki na Dawati la Kuratibu Madawati, wazazi, walezi, mashangazi na wajomba, mwakilishi wa kwaya, mwakilishi wa wale wasio na mwakilishi, wanafunzi wapendwa, na mimi mwenyewe, Katibu Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Safari za Huduma za Kiimani za Wanafunzi Wakatoliki Nje ya Nchi: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mwakilishi wa kwaya anasimama kuimba, anavutwa sketi, anakaa.)

Ndugu zangu, leo ni siku ya kihistoria, na nasema hivyo nikikumbuka kwamba nilisema hivyo pia mwaka jana tulipozindua mpango huu, na mwaka juzi tulipozindua maandalizi ya uzinduzi wake, kwa sababu ofisi yangu haifanyi jambo ambalo si la kihistoria. Ndani ya miezi ishirini na sita tumefanya mikutano mia moja na kumi na nne, wokshopu ishirini na tisa za kuwajengea wanafunzi uwezo, na ziara nne za mafunzo ambazo nilikwenda peke yangu ili nisiwachoshe wengine; na tathmini iliyofanywa na mimi, ikahakikiwa na mimi, inaonyesha kwamba utayari wa safari hii umefikia asilimia mia moja na kumi na nane. (Makofi. Sauti ya mzazi: "Hiyo kumi na nane imetoka wapi?") Imetoka kwenye bidii, mzee wangu. Wahenga walisema... nimesahau walisema nini, lakini walisema vizuri sana. (Makofi.)

Wengi mmekuwa mkiuliza jambo hili lilianzaje. Lilianza na barua ya kurasa tatu, kutoka kwa Wakatoliki wenzetu wa ng'ambo, kwa Kiingereza, ikafikia kwa Sista mwalimu wa dini, ambaye kwa haraka zake akawasomea wanafunzi darasani kabla ofisi haijaisoma, kitendo ambacho ni kinyume cha utaratibu, Sista, na nimeshakusamehe. (Sista anainamisha kichwa.) Ilipofika kwangu sikukurupuka. Niliunda Kamati Ndogo ya Tafsiri, na kamati ikakaa siku tisa juu ya mstari wa kwanza peke yake, na mstari huo ulikuwa ukialika wanafunzi kumi na wawili kwa sevisi tripu. Sevisi tripu! Mtu mwingine angesoma akapita. Sisi tulisimama hapo hapo. Tukajiuliza: sevisi iko chini ya dawati gani? Tukapekua miongozo, tukakuta iko chini ya Usafirishaji. Na tripu? Usafirishaji vilevile. Basi siku hiyohiyo likafunguliwa faili, likaitwa Sevisi Tripu, na nikatoa agizo kwa saini yangu kamili, siyo ile fupi, kwamba basi la shule lipelekwe gereji. (Minong'ono. Sista anainua kichwa.)

Msinong'one, semeni tu mmefurahi. Basi hilo mnaloliona nje limebadilishwa oili, plagi, chujio, pedi za breki na mkanda wa feni. Limefanyiwa sevisi ndogo sita na sevisi kubwa mbili, na lilikuwa halijaenda popote. Niambieni ni ofisi gani nyingine, katika ukanda huu mzima, imewahi kulihudumia gari lililosimama kwa kiwango hicho. (Makofi ya Dawati la Usafirishaji.)

(Mwanamke mwenye utepe wa kupimia shingoni ananyoosha mkono. Ni fundi cherehani, shangazi wa mwanafunzi mmoja. "Samahani, Mheshimiwa. Ng'ambo si kuna bahari katikati? Basi litapitaje?") Swali zuri sana, shangazi, ingawa muda wa maswali haupo kwenye ratiba. Bahari ni changamoto. Na ofisi yangu huigeuza kila changamoto kuwa fursa. ("Sawa, lakini waraka wenu ulituambia tuje na masanduku, tikiti na pasipoti tutazikuta hapa. Ziko wapi?") Shangazi, tikiti ni mambo ya utekelezaji. Mimi nazungumzia sera. Naomba ukae, mama, utepe usije ukaanguka. (Kicheko kidogo. Shangazi hakai.)

Sitawaficha, tumekuwa na tatizo la nidhamu. Yuko mwanafunzi mmoja hapa mbele, mjukuu wa mpiga kengele wa parokia, ambaye ameniandikia barua saba. Saba! Binti, simama wakuone. (Msichana mwembamba anasimama, macho chini. "Shikamoo, baba.") Marahaba. Hasikiki hata akisalimia, lakini kwenye karatasi ni simba. Huyu alikosa wokshopu saba kati ya ishirini na tisa, na sababu aliyoitoa, ninayo hapa, ni kwamba alikwenda kumgeuza bibi yake kitandani. Eti bibi ni mwaka wa pili hainuki, na kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe asije akapata vidonda. Sawa, tunampa pole bibi. Lakini moja ya wokshopu hizo ilikuwa na mada isemayo Moyo wa Kujitoa kwa Wanyonge, na kiti chake kilikuwa kitupu! (Mjumbe wa Itifaki anacheka peke yake, anaacha.) Mtu asiyeweza kukaa saa tatu kusikiliza habari za kuhudumia wagonjwa, nauliza, atamhudumia nani?

Na barua zenyewe, ndugu zangu, ni za kushangaza. Ngoja niwasomee hii ya saba. "Shikamoo baba. Naomba kujua kama wenzetu wametujibu, maana kwenye ile nyumba ya wazee wanapokea mtu akiwa bado mwanafunzi, na matokeo yetu ya kumaliza shule yanatoka Ijumaa hii, na yakishatoka sisi si wanafunzi tena. Sista alitusomea kwamba atakayewahudumia wale wazee vizuri, watamsomesha uuguzi. Jirani amekubali kumgeuza bibi nikiwa sipo." Mnasikia? Nyumba ya wazee! Uuguzi! Mimi nazungumzia chujio la oili, mwenzangu anazungumzia wazee. Sijui watoto hawa ndoto hizi wanazitoa wapi. (Sista wa dini, polepole: "Ziko ukurasa wa pili, Mheshimiwa.")

Ukurasa wa pili. (Anapekua karatasi zake.) Sista, ukurasa wa pili haukuingia kwenye hadidu za rejea za Kamati Ndogo. Kamati ilipewa jukumu la kuelewa barua, na barua ilikuwa imeshaeleweka kwenye mstari wa kwanza. Lakini asiseme mtu kwamba hatukuigusa karatasi nyingine, kwa maana ukurasa wa tatu tuliushughulikia kikamilifu. Ulikuwa fomu. Iliuliza jina la atakayetoa sevisi, umri, afya, na sababu ya kutaka kutoa sevisi. Hatukubahatisha. Tulimpelekea fundi makanika, na akaijaza mwenyewe kwa mwandiko wake: umri, arobaini na saba; afya, njema isipokuwa kiuno; sababu, "Niliitwa." (Baba Paroko anajifunika uso kwa kiganja.) Naona Baba ameguswa. Nami niliguswa.

("Na fomu mliirudisha?" Ni shangazi, bado amesimama.) Kuirudisha wapi, mama? Fomu ya sevisi hukaa kwenye faili la gari. Ukiitoa, faili linakuwa na upungufu, na mimi katika utumishi wangu wa miaka ishirini na mbili sijawahi kuwa na faili lenye upungufu. Ilikuwa na tarehe ya mwisho, ndiyo, na tarehe hiyo ilipita mwaka jana, nasi tukaiheshimu kwa kutoisumbua. ("Kwa hiyo huko hawajui kama kuna mtoto anakuja.") Kujua ni awamu ya pili, shangazi. ("Mimi nimeshona sare kumi na mbili. Nimekesha na vitambaa wiki tatu. Umewavalisha watoto wa watu waje kuangalia basi!") Ndiyo maana nasema tulinde itifaki! Itifaki, mko wapi? (Itifaki wanaangalia dari.)

Nahitimisha. Katika awamu ya pili naahidi, mbele ya Baba Paroko, kwamba basi litapakwa rangi mpya na kuandikwa ubavuni "Tunahudumia". Viti vitavalishwa vitambaa. Na itaundwa kamati ya kusoma ukurasa wa pili, ambayo nimekubali kuiongoza, kwa unyenyekevu. Nawashukuru Dawati la Usafirishaji kwa kunielewa. Nawashukuru wazazi kwa masanduku, yamependezesha sana ukumbi. Nawashukuru wanafunzi hawa kumi na wawili, ambao leo wanaagwa rasmi na wataombwa warudi nyumbani kwa utulivu. Na kwa namna ya pekee nawashukuru wenzetu wa ng'ambo, ambao mji wao siufahamu na jina lao sikulifikia, kwa uvumilivu wao wa kusubiri jibu ambalo hatukuliandika. Bila wao tusingekuwa na mahali pa kutokwenda.

Nikisema sevisi, mseme kwanza! Sevisi! (Wazazi wanatazamana.) Sevisi! (Mjumbe mmoja wa Usafirishaji: "Kwanza." Anatazamwa.) Safari ya huduma, hoyee! (Mjukuu wa mpiga kengele ameangalia saa ya ukutani. Anamkabidhi shangazi yake, yule fundi cherehani, sweta, ananyanyua sanduku, anaelekea mlangoni.)

Binti! Binti, mgeni rasmi, yaani mimi, bado anazungumza. Unakwenda wapi?

("Kumgeuza bibi, baba. Saa yake imefika." Kwa mara ya kwanza anasikika mpaka nyuma. Shangazi anamfuata. Kisha wanafunzi kumi na mmoja wananyanyua masanduku. Kisha viti vinaburutwa, vyote.)

Mnaona sasa? Hii ndiyo nidhamu niliyokuwa naisema. Haya, tufunge kwa heshima. Tumsifu Yesu Kristo.

(Hakuna anayeitikia. Nje, fundi makanika anadhani ameitwa, anazungusha ufunguo. Basi linawaka mara moja, bila kukohoa.)