Kikohozi Chaenda Kuposa

Jumatatu, 3 Juni
Wiki ya tatu ya vidonge vya presha. Presha imeshuka. Kikohozi kimepanda! Kikavu, kinatekenya koo kama unyoya. Daktari Voahangy alinionya kuwa dawa hii huwakohoza baadhi ya watu; nikianza, nirudi anibadilishie. Nirudi? Jumamosi tunamposea mpwa wangu Hery, na msemaji wa upande wetu ni mimi. Wakijua nakohoa watamweka shemeji. Kimya!

Jumanne, 4 Juni
Nimepata dawa ya dawa: simezi. Kidonge nakizika kwenye chungu cha maua. Werevu mtupu.

Jumatano, 5 Juni
Kichwa kinagonga kama kinu. Kikohozi kiko palepale. Mke wangu Bakoly amepalilia maua, akafukua vidonge viwili. Akauliza tangu lini maua yana presha. Akanisimamia mpaka nikameza cha leo, kisha akaniamuru nitoe ulimi akague.

Alhamisi, 6 Juni
Kikohozi kisichofukuzika kipewe kazi! Msemaji wa upande wa binti ni Mzee Ratsimanohatra. Mwaka jana, kwenye posa nyingine, alinimwagia methali mpaka nikasahau jina la bwana harusi. Safari hii, kila akikaribia mwisho wa methali, nakohoa. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo.

Jumamosi, 8 Juni
Uwii! Watu arobaini sebuleni, baridi ya Antsirabe mlangoni. Mzee akaanza: mchele mwema haupigi kelele... Nikakohoa. Akarudia. Nikakohoa. Mama wa binti akanuna, akasema kama tumekuja kuwadharau, tubebe zawadi zetu twende. Hery akabaki kanitumbulia macho, midomo inamcheza. Nikainuka niombe radhi, kikohozi kikanishika cha kweli, hakiachii!

Ghafla Mzee naye akakohoa. Kikavu. Cha kutekenya. Nikakitambua!

"Mzee, na wewe unameza kile kidonge cheupe cha asubuhi?"

"Mwezi wa pili huu, ndugu yangu! Na daktari simwambii ng'o!"

Nyumba ikapasuka kwa vicheko. Mama wa binti alishika mbavu. Hotuba za saa mbili zikaisha kwa dakika tano: nikasema tunamtaka binti yenu Lalaina, Mzee akasema mchukueni. Tukala wali na nguruwe wa kisamvu. Hery alinibusu kipara.

Jumatatu, 10 Juni
Bakoly ametuburuta wazee wote wawili kwa daktari. Daktari alicheka, kisha akafoka: dawa ikikusumbua huifichi wala huiachi kienyeji, unasema. Amenipa nyingine. Hii yaweza kuvimbisha miguu, ikivimba, nirudi. Nimeapa mbele ya mke wangu.

Jumanne, 25 Juni
Kikohozi kwaheri! Miguu imevimba kidogo. Viatu vya ngozi alivyoniletea binti yangu, vilivyonipwaya miaka miwili, leo vimenikaa kama nilipimiwa! Harusi ni Jumamosi. Daktari haambiwi kitu.